Woking: Mji Mdogo wa Uingereza na Msikiti Wake

Msafiri apandaye treni katika stesheni ya Waterloo, mjini London, akielekea kusini-magharibi, hupita kwanza safu za nyumba za matofali, kisha bustani, kisha misitu ya misonobari na mbuga zenye vichaka vifupi. Baada ya mwendo wa maili 24 hivi treni huanza kupunguza kasi, kwani stesheni ya Woking, katika jimbo la Surrey, imekaribia. Akitazama dirishani kwa upande wa kushoto kabla treni haijasimama, aweza kuona baina ya miti kuba la kijani, na juu yake hilali ya rangi ya dhahabu. Asiyekuwa na khabari hudhani macho yake yamemdanganya. Lakini hayakumdanganya. Huo ni Msikiti wa Shah Jahan, nao umesimama mahali hapo tangu mwaka 1889.

Vijana wengi wa siku hizi hudhani kwamba Uislamu uliingia Uingereza juzi tu, pamoja na wafanya kazi waliohamia huko baada ya Vita Kuu ya Pili. Fikira hiyo si kweli. Kabla babu wa wengi wetu hawajazaliwa, adhana ilikwisha kusikika katika mji huu mdogo. Basi twaona yafaa kuwasimulia wasomaji wetu khabari za Woking tangu asili yake, kwani katika historia yake mna mazingatio makubwa kwa kila mwenye kujenga msikiti, mwenye kuacha mirathi, na mwenye kutoa sadaka.

MJI WA KALE NA MJI MPYA

Hapana budi tufahamu kwanza kwamba kuna Woking mbili. Ile ya kale ni kijiji kilichoko kando ya mto Wey, nacho kimetajwa katika daftari kubwa la ardhi lililoandikwa kwa amri ya Mfalme William mwaka 1086. Karibu na kijiji hicho palikuwa na jumba la kifalme. Bibi Margaret Beaufort, mama yake Mfalme Henry wa Saba, alikaa humo, na baadaye Mfalme Henry wa Nane alilipenda na kuliongeza majengo. Leo jumba hilo ni magofu: kuta chache, handaki lenye maji, na majani. Hivyo ndivyo ilivyo desturi ya dunia na majumba ya wafalme.

Woking mpya, ambayo ndiyo mji wenyewe, haikujengwa na mfalme. Ilizaliwa na reli. Mwaka 1838 reli itokayo London kwenda bandari ya Southampton ilifika hapo, na stesheni ikajengwa katikati ya mbuga tupu, mbali na kijiji. Ardhi ya huko ni ya mchanga, haina rutuba ya kumshawishi mkulima. Kwa miaka mingi hapakuwa na kitu kikubwa zaidi ya stesheni na nyumba ya wageni. Kisha likatokea jambo ambalo hapana mtu angalilidhani: mji ukaanza kukua kwa sababu ya wafu.

TRENI YA MAITI

Katikati ya karne ya kumi na tisa jiji la London lilikuwa limejaa watu hata makaburi yake hayakutosha. Maradhi ya kipindupindu yaliua maelfu, na katika viwanja vya makanisa maiti walizikwa juu ya maiti. Mwaka 1852 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuiruhusu kampuni moja kununua ardhi kubwa katika mbuga za Woking ili iwe makaburi ya watu wa London. Kampuni hiyo ilipata zaidi ya eka 2,000. Makaburi yenyewe, yaitwayo Brookwood, yalifunguliwa mwaka 1854, na wakati ule yalihesabiwa kuwa makubwa kuliko yote duniani.

Maiti waliletwa kwa treni. Kampuni ilikuwa na stesheni yake mahsusi karibu na Waterloo, na treni yake ilikwenda moja kwa moja mpaka ndani ya makaburi. Na katika treni hiyo wafu, kama walio hai, waligawanywa kwa madaraja: daraja la kwanza, la pili na la tatu. Tajiri alikuwa na behewa lake na maskini alikuwa na lake. Walio hai walikata tikiti ya kwenda na kurudi, na maiti alikatiwa tikiti ya kwenda tu. Treni hiyo iliendelea na kazi yake mpaka mwaka 1941, stesheni yake ya London ilipopigwa kwa mabomu ya Wajerumani.

Sisi tuliofundishwa kwamba sanda ya mfalme na sanda ya mchukuzi ni vitambaa vya namna moja, na kwamba wote hulazwa juu ya udongo ule ule, hatuwezi kusoma khabari ya madaraja hayo bila ya kutafakari. Tajiri yule wa daraja la kwanza na maskini yule wa daraja la tatu walishuka mahali pamoja, wala hapana hata mmoja aliyerudi.

Basi kampuni ilikuta kwamba imenunua ardhi nyingi kupita haja ya makaburi. Ikaanza kuuza viwanja karibu na stesheni. Watu wa London waliotaka hewa safi wakanunua, maduka yakafunguliwa, barabara zikakatwa, na mji wa Woking ukapatikana. Ulikuwa mji wa watu wa hali ya kati, waendao kazini London asubuhi kwa treni na kurudi jioni. Tabia hiyo Woking inayo mpaka leo: ni mji wa watu wenye saa mkononi na tikiti mfukoni.

MWALIMU WA LUGHA NYINGI

Katika viwanja vilivyouzwa, kimoja kilichukuliwa na chuo cha wazee waliokuwa wachezaji wa michezo ya kuigiza. Jengo lake lilikuwa kubwa na zuri, lakini fedha zikawaishia, na mwaka 1877 chuo kikafungwa. Likabaki tupu mpaka alipotokea mtu mmoja wa ajabu, jina lake Gottlieb Wilhelm Leitner.

Leitner alizaliwa mwaka 1840 katika mji wa Pest, nchi ya Hungaria, katika jamaa ya Kiyahudi. Alipokuwa mtoto alipelekwa Istanbul, na huko alijifunza Kituruki na Kiarabu. Alipokuwa na umri wa miaka 15 tu, Waingereza walimwajiri kuwa mkalimani katika vita vya Crimea. Kisha alifundisha Kiarabu na sheria ya Kiislamu katika Chuo cha King's mjini London, na mwaka 1864 akapelekwa Lahore kuwa mkuu wa chuo cha serikali. Huko Bara Hindi alifanya juhudi nyingi mpaka Chuo Kikuu cha Punjab kikapatikana mwaka 1882. Aliamini kwamba wanafunzi wa Mashariki wasifundishwe kuidharau elimu ya wazee wao, na kwamba watu wa Ulaya nao wana wajibu wa kujifunza lugha na dini za Mashariki kwa heshima.

Aliporudi Uingereza alilinunua jengo lile la Woking na kulifanya Chuo cha Mashariki. Alitaka wanafunzi kutoka Bara Hindi wakae humo bila ya kulazimishwa kuacha mila zao na vyakula vyao. Na kila dini alitaka iwe na mahali pake pa ibada. Kwa ajili ya Waislamu alitafuta fedha za kujenga msikiti, na mtu mkubwa aliyejibu wito wake alikuwa mwanamke.

SADAKA YA BEGUM

Shah Jahan Begum alikuwa mtawala wa Bhopal, dola ya Kiislamu katika Bara Hindi. Neno Begum kwao ni jina la heshima la bibi mtukufu. Katika dola hiyo kwa muda wa miaka zaidi ya mia walitawala wanawake, mama akirithiwa na binti yake, na Shah Jahan alikuwa mmoja wao. Alitawala tangu mwaka 1868 mpaka alipofariki mwaka 1901. Alipenda elimu na ujenzi, na yeye ndiye aliyeanza kujenga Taj-ul-Masajid ya Bhopal, msikiti mkubwa mno ambao hakuwahi kuuona umemalizika.

Bibi huyu hakuwahi kufika Woking. Hakuuona mchanga wake wala misonobari yake, wala hakujua ni nani watakaosujudu katika nyumba aliyoitolea mali. Alitoa kwa ajili ya wageni asiowajua, katika nchi asiyoifahamu. Msikiti ukajengwa mwaka 1889, na mchoraji wake alikuwa Mwingereza, William Isaac Chambers. Wajenzi wa huko hawakuwa wamepata kujenga kitu cha namna hiyo. Nyumba yenyewe ni ndogo. Ina kuba la kijani, mbele ina ua wenye birika la maji, na kuta zake zimepambwa kwa mtindo wa misikiti ya Bara Hindi. Haukuzidi ukubwa wa misikiti yetu mingi ya mitaani. Lakini ulikuwa msikiti wa kwanza katika Uingereza kujengwa tangu msingi wake uwe msikiti. Kule Liverpool, Sheikh Abdullah Quilliam na wenziwe walikuwa wakisali tangu mwaka 1887, lakini wao walitumia nyumba zilizokwisha kujengwa kwa kazi nyingine.

Miongoni mwa waliosali Woking katika miaka hiyo walikuwa watumishi Waislamu wa Malkia Victoria, waliotoka katika jumba la Windsor, akiwamo Abdul Karim, aliyemfundisha Malkia lugha ya Kiurdu.

MIAKA YA KIMYA

Sasa twafika mahali ambapo twamwomba msomaji asome kwa makini.

Leitner alifariki mwaka 1899. Chuo kilikuwa chake, ardhi ilikuwa yake, na alipoondoka hapakuwa na mtu wa kukiendesha. Wanafunzi wakatawanyika na chuo kikafungwa. Mali yote ikaingia mikononi mwa warithi wake, na msikiti nao ulikuwa ndani ya mali hiyo. Nje ya chuo hapakuwa na jamii ya Waislamu katika mji. Hapakuwa na familia, hapakuwa na madrasa, hapakuwa na mtu wa kuufungua mlango asubuhi. Kwa muda wa miaka zaidi ya kumi kuba lile la kijani lilisimama peke yake, na ndani mlikuwa na vumbi. Warithi wakawa wanatafuta wanunuzi.

Lililonusurika lilinusurika kwa watu wachache. Mwaka 1912 alifika Uingereza wakili kutoka Lahore, Khwaja Kamal-ud-Din. Yeye alikuwa katika Waahmadiyya, na jumuiya hiyo ilipofarakana mwaka 1914 alikuwa upande wa Lahore. Alipouona msikiti wa Woking katika hali ile aliazimia kuufungua. Alisaidiwa na Syed Ameer Ali, mwanasheria mashuhuri aliyekuwa akikaa London. Hoja ya Waislamu ilikuwa kwamba nyumba iliyokwisha kuwekwa kwa ajili ya ibada haifai kuuzwa kama mali ya mtu. Mwisho wa shauri msikiti ulikabidhiwa wadhamini, na mwaka 1913 sala ikasimamishwa tena. Pembeni yake palikuwa na nyumba iliyoitwa kwa jina la Sir Salar Jung, waziri wa Hyderabad, nayo ikawa makao ya imamu na ofisi.

Lakini chuo chenyewe hakikuokoka. Jengo lile kubwa, lenye maktaba na vyumba vya wanafunzi, likawa kiwanda. Katika Vita Kuu ya Kwanza humo ziliundwa ndege za vita, na baadaye kikaja kiwanda kingine. Leo mahali hapo pana maduka makubwa na viwanja vya kuegesha magari.

Tuzingatie jambo hili. Mfadhili alikuwa mkarimu, na mjenzi alikuwa mwenye nia njema. Kilichokosekana ni hati na watu: hati iliyo wazi ya kuufanya msikiti uwe mali ya wakfu yenye wadhamini tangu siku ya kwanza, na watu wanaokaa karibu wa kuuimarisha kwa sala. Je, hapa kwetu hapana misikiti iliyojengwa juu ya kiwanja cha mtu kwa ahadi ya mdomo tu? Mzee alipokuwa hai kila mtu alijua kwamba kiwanja ni cha msikiti. Mzee akifa, wajukuu huanza kuulizana karatasi iko wapi. Ugomvi wa namna hiyo umevunja udugu katika miji mingi, na dawa yake ni rahisi: iandikwe, ishuhudiwe, na wadhamini watajwe majina, mzee angali hai.

SIKU ZA IDI

Tangu mwaka 1913 Woking ilikuwa, kwa miaka mingi, kama makao makuu ya Waislamu wa Uingereza. Hapo ndipo lilipoanza kutolewa jarida la Islamic Review, lililoeneza khabari za dini kwa lugha ya Kiingereza kwa zaidi ya nusu karne. Hapo ndipo walipofika Waingereza waliotaka kuujua Uislamu. Mmoja wao alikuwa Lord Headley, mhandisi na mtu wa ukoo mtukufu, aliyetangaza Uislamu wake mwaka 1913 na kwenda Hija mwaka 1923. Mwingine alikuwa Marmaduke Pickthall, mwandishi wa vitabu vya hadithi, ambaye mwaka 1917 alitangaza Uislamu wake na mwaka 1930 akatoa tafsiri ya Kurani kwa Kiingereza. Imamu wa Woking hakuwatumikia watu wa mji huo tu. Bibi Evelyn Cobbold, Mwingereza wa ukoo bora aliyehiji mwaka 1933, alipofariki huko milima ya Uskoti katika baridi kali ya mwaka 1963, imamu alisafiri kutoka Woking mpaka huko kaskazini kwenda kumzika kwa taratibu za Kiislamu.

Siku ya Idi msikiti haukutosha. Mikeka na mazulia yalitandikwa juu ya majani, na watu wa kila taifa walisimama safu moja: mwanafunzi wa Kihindi na balozi wa Kiajemi, baharia wa Kiyemeni na Mwingereza mwenye cheo, Mwarabu na Mwafrika. Baada ya hutuba walikula pamoja pilau na mchuzi. Wenyeji wa Woking walikuja kutazama, na kwa jumla walikuwa watulivu na wenye adabu. Tabia hiyo ya utulivu ndiyo iliyowawezesha wageni kukaa nao bila ya makelele. Tukikumbuka treni ile ya madaraja matatu iliyopita maili chache kutoka hapo, twafahamu kwamba safu ile ya Idi ilikuwa hutuba tosha kwa mwenye macho.

Jambo moja la kuchekesha kidogo. Mwandishi H. G. Wells alikaa Woking katika miaka ya 1895 na 1896, ng'ambo ya pili ya reli, si mbali na msikiti. Huko alitunga hadithi yake mashuhuri ya viumbe wa sayari ya Mirihi wanaoteremka katika mbuga za Horsell na kuuharibu mji, na katika maangamizi hayo hakusahau kuivunja ncha ya msikiti. Mji wa Woking umemwekea sanamu kubwa ya chombo cha viumbe hao. Lakini msikiti alioubomoa kwa kalamu ungalipo.

ASKARI WA HORSELL

Mbuga hiyo ya Horsell ina khabari nyingine, nayo si ya kubuni. Katika Vita Kuu ya Kwanza maelfu ya askari wa Bara Hindi walipigana Ufaransa chini ya bendera ya Uingereza. Wengi walijeruhiwa, wakaletwa katika hospitali za Brighton na miji mingine ya pwani ya kusini. Waliofariki ilipasa wazikwe kwa taratibu za dini zao. Wajerumani walikuwa wakieneza maneno kwamba Waingereza hawawaheshimu maiti wa Kiislamu. Imamu wa Woking wakati huo, Maulvi Sadr-ud-Din, akaishika serikali kwa hoja mpaka ikatoa kiwanja mahsusi katika mbuga ya Horsell, karibu na msikiti. Kilizungushiwa ukuta wa matofali wenye lango na kuba dogo kwa mtindo wa Mashariki, na kikamalizika mwaka 1917. Humo walizikwa askari 19 wa vita hivyo, kisha wengine wa Vita Kuu ya Pili.

Ole wetu, makaburi hayo hayakupata utulivu. Miaka ilivyopita mahali hapo pakawa pweke, na wahuni wakaanza kuyaharibu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 askari hao walihamishiwa katika makaburi ya kijeshi ya Brookwood, na kiwanja kikaachwa na kuta zake zikaanza kubomoka. Baadaye watu wa mji, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, wakashirikiana kukitengeneza, na mwaka 2015 kilifunguliwa kuwa bustani ya amani. Ndani yake imepandwa miti 27, kila mti kwa ajili ya askari mmoja aliyekuwa amezikwa pale. Uzembe uliharibu na bidii ikatengeneza.

WALIOLALA BROOKWOOD

Na Brookwood yenyewe, makaburi yale yaliyouzaa mji, ina sehemu yake ya Waislamu tangu zama za Leitner. Ni vigumu kupata mahali pengine katika Ulaya palipolala pamoja watu wa namna hiyo. Yumo Leitner mwenyewe, mahali pengine katika makaburi hayo. Yumo Sheikh Abdullah Quilliam wa Liverpool, aliyefariki mwaka 1932. Wamo Lord Headley na Pickthall. Yumo Imamu al-Badr, mfalme wa mwisho wa Yemeni, aliyefariki uhamishoni mwaka 1996.

Hata watu wa pwani yetu wana kumbukumbu huko. Mwaka 1972 alizikwa Brookwood Sultani Said bin Taimur wa Oman, wa ukoo wa Al Busaidi, ukoo ule ule ambao tawi lake lilitawala Unguja. Aliondolewa katika ufalme mwaka 1970, akafia London. Baadaye mwili wake ulihamishwa ukarudishwa Oman.

Lakini kaburi linalotugusa zaidi ni la Abdullah Yusuf Ali. Tafsiri yake ya Kurani kwa Kiingereza, aliyoanza kuichapisha mwaka 1934, iko katika nyumba nyingi za Waislamu, na hapa Afrika ya Mashariki pia. Alikuwa mtu wa elimu na heshima, na mmoja wa waliousimamia msikiti wa Woking. Walakini katika uzee wake alibaki peke yake. Mwezi wa Desemba mwaka 1953 alikutwa nje katika baridi ya London, amedhoofika, hana wa kumtazama, na akafariki hospitali. Mamilioni walikuwa na kitabu chake majumbani mwao, na hapana aliyekuwa na khabari naye. Twawauliza vijana wetu: mwalimu aliyekufundisha alifu na be, umemwamkia lini? Je, wajua kama amekula leo?

MJI WA LEO

Baada ya Vita Kuu ya Pili Waislamu wengi walihamia Woking, hasa kutoka Pakistan, wakaja na wake na watoto. Sasa msikiti ulipata kile ulichokikosa siku za Leitner: watu wa kuukaa. Katika miaka ya 1960 usimamizi wake ulipita mikononi mwa Waislamu wa Sunni, na ndivyo ulivyo hata leo. Majengo yameongezwa pembeni kwa ajili ya sala, kwani nyumba ya Begum haitoshi tena. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza iliuweka msikiti huo katika daraja la juu kabisa la majengo ya kuhifadhiwa.

Mji nao umebadilika. Kwenye mbuga ile ya mchanga sasa pamesimama majumba yenye zaidi ya orofa 30, na maduka na hoteli. Lakini majumba hayo yamekuwa mzigo. Halmashauri ya mji ilikopa fedha nyingi ili kuyajenga, na mwezi wa Juni mwaka 2023 ilitangaza kwamba haiwezi tena kutimiza matumizi yake. Madeni yake yalikadiriwa kufika pauni bilioni 2.6, ilhali fedha zake za mwaka zilikuwa pauni milioni 16 tu. Huduma za wazee na maskini zikapunguzwa, na kodi za wenyeji zikapandishwa. Hatusemi hayo kwa kuwacheka watu wa Woking, kwani mkulima na mwenye duka hawakuulizwa wakati wa kukopa, nao ndio wanaolipa. Twasema ili tujifunze. Katika mji mmoja yamesimama majengo mawili: moja refu, limejengwa kwa deni na riba, na limewaelemea walio hai, na jingine dogo, limejengwa kwa sadaka iliyolipwa, na halimdai mtu hata senti moja.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba mwanadamu afapo amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema mwenye kumwombea. Mambo yote matatu twayaona katika Woking. Sadaka ni ya Shah Jahan Begum. Elimu ni ya Yusuf Ali na Pickthall. Na watoto wema ni wale waliokuja baadaye, wasiokuwa wa damu yao, wakaufungua mlango uliofungwa, wakafagia vumbi na kutandika mikeka.

Basi, ndugu msomaji, usingoje utajiri wa Begum. Katika mtaa wako pana msikiti mdogo ambao kiwanja chake hakina hati, au bomba lake limeharibika, au mwalimu wake hajalipwa. Anza hapo, andika unachotoa, na uwataje mashahidi.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na atujaalie miongoni mwa wanaozimarisha nyumba zake. Amin.